Dalali Akikuita Mheshimiwa

Ukitaka kupandishwa cheo bila kupigiwa kura, tafuta nyumba Mbulu mjini. Dalali atakuita mheshimiwa kabla hujashuka kwenye bodaboda, kisha atakutoza hela ya usumbufu kwa kukuonyesha ukuta wenye nyufa. Nyufa? "Hiyo ni historia, mkuu. Nyumba ya tangu enzi za Mjerumani." Mjerumani alijenga boma, hiki kibanda cha tofali za kuchoma bati lake bado linang'aa.

Ukifika Katesh, historia inageuka mandhari. Unalipia Mlima Hanang, mita 3,400 na ushei, utadhani muuzaji ndiye aliyeurundika. Hatataja tarehe 3 Desemba 2023, tope lilipoporomoka kutoka mlima huohuo na kuua watu zaidi ya 80. Hilo halimo kwenye bei.

Na karatasi? Muhuri wa kijiji, mashahidi wawili, soda. Wakati Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini tu! Basi kabla hujatoa hela, mheshimiwa, pitia ofisi ya ardhi ya halmashauri, halafu waulize majirani maji ya mvua hupita wapi.