Taa za Kibodi Hazifungi Bao

Safu ya Mjomba Feni, mshauri wa walioumizwa na mashine. Barua zimefupishwa, machozi yameachwa kama yalivyofika.

Shikamoo Mjomba. Nina milioni moja na laki mbili, nimedunduliza tangu Pasaka. Kariakoo winga kanipeleka dukani, nikaona kompyuta mpakato ya gemu, taa nyekundu na bluu chini ya vitufe, kibandiko cha Core i7. Tangu siku hiyo silali. Dada anasema nimelogwa. — Mdunduliza, Tandika

Marahaba mwanangu. Hujalogwa, umeonyeshwa taa. Rudi mchana jua likiwa kali, umuulize winga: i7 ya mwaka gani? Maana i7-4600U ilitoka 2013 na ina viini viwili tu, wakati i5-10300H ya 2020 ina vinne. Habari yote iko kwenye namba na ile herufi ya mwisho: U ni ya kutunza betri ofisini, H ni ya kazi nzito. Kibandiko kinabanduka, na kinabandikwa.

Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, shuka hadi palipoandikwa GPU. Ukikuta Intel UHD iko peke yake, shukuru kwa soda, ondoka. Unatafuta jina la pili. Kwa hela yako ni mtumba, basi liwe GTX 1650 kwa uchache. Ukibahatika, RTX 3050. Winga akisema "kadi ipo bosi, imejificha tu," mwambie ikitoka ilipojificha na hela zako zitatoka. Mwisho, omba kucheza gemu nusu saa hapohapo dukani, chaja ikiwa imechomekwa. Mashine inayochemka huanza vizuri, dakika ya ishirini inaganda. Muuzaji akikosa subira ya nusu saa, ana sababu zake.

Kaka Feni, mwanangu kaingia chuo mwaka wa kwanza. Anadai bila kompyuta ya milioni mbili na nusu yenye RTX hataweza kusoma. Baba yake anataka tuuze kiwanja. — Mama Wawili, Tabata

Dada yangu, kiwanja kibaki. Anasoma nini? Kama ni usanifu majengo, anakuambia kweli, Revit na michoro ya pande tatu vinakula kadi. Kama ni sheria, katiba inafunguka kwenye mashine yoyote yenye SSD na RAM ya gigabaiti 8. Mwambie akutajie programu ya darasani inayohitaji hiyo RTX. Akitaja FC 24, jibu umelipata na yeye umempata. Ila kama uongo wake una namba sahihi za kadi na bei za maduka matatu, usimhamishe sheria, inamfaa.

Mjomba, mimi na jirani tuna RTX 3060 sawasawa. Yake inakimbia, yangu inajikongoja. Nilinunua nyembamba, nzuri, ya kubeba. Nahisi kanifanyia kitu. — Nimekosa Amani, Mbezi

Muache jirani. Jina la kadi ni moja, chakula si kimoja: RTX 3060 ya mpakato inaweza kulishwa wati 60, inaweza kulishwa 115, kadiri mtengenezaji alivyoamua. Nyembamba mara nyingi hupewa kidogo, kwa sababu joto halina pa kupitia. Haya hayaandikwi kwenye boksi kwa herufi kubwa, ndiyo maana naagiza watu watafute wati kabla ya kuuliza rangi.

Sasa pindua chaja usome. Mashine za aina hiyo aghalabu huja na chaja ya wati 180 au 230, lakini mtumba ukipita mikono mitatu unaweza kufika kwako na chaja ya ofisini ya wati 65, ncha inaingia vizuri kabisa. Na usichezee kwenye betri, hapo kadi hujibana yenyewe. Fungua na chini: kama RAM ni kijiti kimoja cha 8, ongeza cha pili kinachofanana nacho. Halafu niambie kweli, unaiweka kitandani juu ya blanketi? Na Mbezi hii ya mwezi wa pili?

(Anayeogopa LUKU: wati 180 kwa saa tano ni uniti moja kasoro. Friji lisisingiziwe.)

Mjomba, nina laki tano na nusu, nataka GTA V. Usinicheke. — Mnyonge, Morogoro

Sicheki hata kidogo, wewe ndiye peke yako uliyetaja gemu kabla ya mashine. GTA V ilifika kwenye kompyuta 2015 na ilikubali RAM ya gigabaiti 4. Bembeleza upate ThinkPad T480 ya mtumba, shusha mipangilio yote, kioo kiwe 1280 kwa 720. Itacheza. Vivuli vya miti utavikosa, polisi watakukuta vilevile. Baadhi ya T480 zilitoka na kadi ya MX150. Ukiiona kwa bei ileile nyamaza, lipa. Hapa pia kijiti cha pili cha RAM ni lazima, kwa kuwa Intel UHD haina kumbukumbu yake, inaazima humo humo.

Lakini gemu lenyewe ni zaidi ya gigabaiti 60. Bando umelipigia hesabu? Kama ulipanga kulichukua kwenye diski ya rafiki, barua yako sikuipata.