Sifa za Beringi Iliyokwisha

Bodaboda ikikata mlima, sifa huenda kwa injini. Ikiteremka salama, huenda kwa breki. Na aliyechora maneno kwenye madigadi naye hapungukiwi na lake. Beringi ya tairi la nyuma haitajwi mpaka ife, na ikishakufa hutajwa kwa matusi. Huko ni kukosa shukrani. Katika pikipiki nzima hakuna kifaa kinachosema kweli kama beringi iliyokwisha, wala barabarani hakuna askari anayesimamia uzito kwa uadilifu kama wake.

Sheria za Kenya na Tanzania zinamruhusu dereva wa bodaboda kubeba abiria mmoja. Sheria hizo zina matundu: kuna usiku, kuna njia za panya, kuna kujuana. Kwa beringi hakuna kujuana. Wahandisi huhesabu umri wa beringi ya gololi kwa kipeo cha tatu cha mzigo, yaani mzigo unaoielemea ukizidi mara mbili, umri haupungui kwa nusu, unabaki sehemu moja ya nane. Basi mishkaki ya abiria watatu, au magunia ya mkaa yaliyofungiwa kitanda juu, hutozwa faini kila tairi linapozunguka, na tairi la nyuma ndilo hubeba sehemu kubwa ya shehena hiyo. Anayeiona katili atutajie mamlaka nyingine inayomtoza mwenye cheo na asiye nacho kwa kanuni moja.

Halafu ina adabu ya kuaga. Sili ikichakaa, maji na vumbi huingia, grisi huoshwa, na njia ya gololi huanza kuchubuka. Hapo husikika mvumo unaopanda na kushuka pamoja na mwendo, ambao haukomi hata ukibana klachi na kuiacha injini ipumue. Ndivyo unavyojua kwamba kelele haitoki huko. Usiposikia, tairi hupwaya na mkia wa pikipiki huyumba kwenye kona. Kipimo chake hakina gharama: simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, shika tairi la nyuma juu na chini, sukuma na kuvuta. Likicheza, maiti iko ndani. Ni daktari gani hutoa majibu haraka hivyo, tena bila ada ya kumwona?

Wapo watakaosema kwamba msifiwa huyu ni muuaji, kwa kuwa beringi ikisagika kabisa inaweza kukwamisha tairi katikati ya mwendo au kuila habu. Ni kweli, na hilo silisifu. Ila kabla ya kufika huko ilivuma na ikayumbisha, na aliyekuwa juu yake akaongeza sauti ya redio. Pingamizi zito zaidi ni kwamba nyingine hufa changa, bila mzigo wowote wa haramu. Hapo ndipo ushahidi wake unaponoga, maana humfichua fundi. Kati ya beringi mbili za habu hukaa bushi. Fundi akiisahau, nati ya ekseli ikikazwa huzibana ringi za ndani kwa ubavu, na beringi mpya inakwisha upesi. Humfichua pia muosha pikipiki anayeelekeza maji ya presha kwenye habu, na muuza bandia. Hakuna shahidi asiye na upendeleo kama huyo.

Hata jina lake halidanganyi. Iliyoandikwa 6302 ina tundu la milimita 15, upana wa 13 na kipenyo cha nje cha 42, iwe imetoka Japani, India au China, na iwe imenunuliwa Kariakoo au Kirinyaga Road. Kwa hiyo soma namba ubavuni mwa iliyokufa kabla ya kuitupa, nunua mbili pamoja na sili, na msimamie fundi. Beringi inapoingizwa kwenye habu, kipigo kiangukie ringi ya nje peke yake. Akigonga ya ndani, nguvu hupitia kwenye gololi nazo huchimba njia yake, na utakuwa umenunua beringi iliyokwisha kwa bei ya mpya.