Chai kwa Mujibu wa Fomu

Niliingia katika kikundi cha ubora kwa kosa la kupokea simu. Nilitoka ukumbini dakika tatu tu, kumsikiliza fundi akinieleza kwa nini pikipiki yangu haitatoka leo pia, na niliporudi nikakuta nimechaguliwa katibu. Kwa kauli moja, wakasema. Ukitaka kujua kikao kinamwonaje mtu, subiri atoke nje kidogo.

Ofisi yetu iko upande wa Kibabii, mwendo wa boda kutoka Bungoma mjini. Jina lake sitalitaja kwa sababu mshahara wa mwezi huu bado haujaingia. Ina tawi Kitale, na mara moja kwa mwezi, siku ya Alhamisi, wenzetu wa huko hupanda matatu asubuhi, wakapita Kiminini, wakapita Kamukuywa, wakafika kwetu magoti yamekufa ganzi na nyuso zimenuna, ili tukae pamoja tujadili namna ya kufanya kazi vizuri zaidi. Siku hiyo kazi haifanyiki Bungoma wala Kitale.

Msinielewe vibaya. Ubora naupenda. Nimesoma hata asili yake, maana katibu hana la kufanya mwenyekiti anapofungua kikao kwa dakika arobaini. Vikundi vya namna hii vilianzia Japani mwaka 1962, na anayetajwa sana ni Kaoru Ishikawa. Kabla yake, mwaka 1950, Mmarekani W. Edwards Deming alikuwa amekwenda kuwafundisha Wajapani kutumia takwimu viwandani, wakamsikiliza kwa makini, na mwaka uliofuata wakaanzisha tuzo yenye jina lake. Wazo la vikundi lilikuwa jepesi: watu wa karakana moja, wanaofanya kazi ileile, wakae kidogo watafute wenyewe kinachowasumbua. Anayekaza skrubu ndiye ajuaye ni ipi haikazi.

Kikundi chetu kina wakuu wa idara saba, manaibu wawili, na mimi. Dereva hayumo. Mfagiaji hayumo. Mama chai huingia, lakini huingia na birika akatoka.

Kiwango chenyewe tunachokiabudu, ISO 9001, kilichapishwa mara ya kwanza 1987, kikarekebishwa 1994, 2000, 2008, na tena 2015, mwaka uleule jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Kibabii walipopewa hati ya kujitegemea. Kwenye ofisi za serikali homa ilipanda baada ya mikataba ya utendakazi kuanza mwaka 2004, nasi tulio pembeni tukaambukizwa. Ofisi isiyo na cheti ukutani ikaonekana kama harusi isiyo na keki. Kinachoniuma ni kwamba toleo la 2015 lilipunguza makaratasi makusudi. Hata ule mwongozo mnene wa ubora si lazima tena. Habari hizo nilizileta kikaoni. Mwenyekiti akasema ni habari njema sana, niziandike ripoti, nitoe nakala tatu: moja ya Bungoma, moja ya Kitale, moja ya mkaguzi.

Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper pale Webuye kilizima mitambo mwaka 2009. Wataalamu wameeleza sababu zao. Mimi nasema kilikata tamaa mapema. Kingetusubiri kidogo, kingepata mteja wa kudumu umbali wa matatu moja.

Siku moja nilikuwa namweleza dereva wetu kwamba ISO si kifupisho cha maneno, bali limechukuliwa kutoka isos, neno la Kigiriki, maana yake sawa. Akacheka hadi akaegemea bodi ya gari. Yeye ni Mbukusu, wa rika la tohara liitwalo Sawa.

"Basi mimi nilipata ISO yangu zamani," akasema. "Mwezi wa nane, alfajiri, nimepakwa tope la mtoni mwili mzima. Wakaguzi ni kijiji kizima. Ukipepesa jicho, umefeli. Na hakuna aliyeniomba nakala tatu."

Nilitamani kuliingiza hilo kwenye kumbukumbu, lakini dereva si mwanachama.

Tazameni tulichokwisha kufanikisha. Mlangoni kuna bango la mkataba wa huduma, kama lililo katika kila ofisi ya nchi hii: huduma, mahitaji, gharama, muda. Limechapishwa vizuri, rangi ya buluu, herufi za kusomeka hata na mzee asiye na miwani. Ila fundi alilipigilia upande ambako mlango hufungukia. Ofisi ikiwa wazi, mlango unalifunika. Kwa hiyo mwananchi anayetaka kujua atahudumiwa kwa dakika ngapi yampasa aje Jumapili. Jambo hili limejadiliwa vikao viwili. Ilipendekezwa bango lihamishwe, ikapingwa kwamba mahali pake pamesajiliwa. Ikapendekezwa mlango ugeuzwe, mhasibu akakohoa, tukaendelea na ajenda inayofuata.

Halafu kuna mifupa. Ishikawa huyohuyo alituachia mchoro unaofanana na mifupa ya samaki: kichwani unaandika tatizo, na kwenye kila mfupa chanzo kinachowezekana, watu huku, mashine kule, mbinu, malighafi, vipimo, mazingira. Mwenyekiti anaupenda mchoro huu kuliko mshahara. Anauchora taratibu, ubaoni, kwa kalamu tatu za rangi, na anamtia samaki jicho. Nami kila nikimtazama yule samaki, njaa ya saa nane inaniuma, nakumbuka mgongo wazi. Watu wa huku tunaujua. Mbuta huvuliwa Ziwa Victoria, viwanda vikachukua minofu ikapanda ndege kwenda kwa wenye pesa, sisi tukauziwa uti wa mgongo na kichwa, umekaangwa ukawa mwekundu. Nadhani na ubora ulitufikia vivyo hivyo. Minofu ilibaki Japani. (Mgongo wazi, lakini, mpishi akiwa na nyanya na subira, una supu nzuri. Siudharau. Ninachodharau ni kuuchora.)

Nikiri na langu. Baada ya mafunzo ya siku tatu nilirudi nyumbani nimekolea. Tulikuwa tumefundishwa zile hatua tano za Wajapani za kupanga mahali pa kazi, ambazo hospitali za Tanzania zimezipa Kiswahili kitamu: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Mwenzetu mmoja aliyelelewa Pwani aliposikia "sasambua" aliangua kicheko, akakataa katakata kutueleza sababu. Mimi nikazipeleka hatua hizo jikoni kwangu. Jumamosi nzima nilibandika vibandiko: SUFURIA YA UGALI. SUFURIA YA MAZIWA. MWIKO. Nikamweleza mama watoto kwamba hatua ya kwanza ni kufunga kadi nyekundu kwenye kila kitu ambacho hakijatumika mwaka mzima, ili kiondolewe.

Alinisikiliza kwa heshima, mikono ina unga. "Kadi zenyewe ziko wapi, baba watoto?"

Nikampa. Jikoni hakugusa kitu. Alikwenda sebuleni, kwenye kabati la vioo, akaifunga kadi ya kwanza kwenye fremu ya cheti changu cha mafunzo. Ya pili akaifunga kwenye kile kilichotangulia. Nilikuwa na vyeti sita. Kadi zilipokwisha akarudi kusonga ugali, kwa mwiko ulioandikwa MWIKO.

Sasa nije Alhamisi iliyopita, iliyonifanya nishike kalamu hii.

Tuna sanduku la maoni. Ni la mbao, rangi ya kijani, kufuli dogo. Ufunguo ulikuwa na afisa aliyehamishiwa Kitale, akahama nao, na kwa miezi kumi na minne nimekuwa nikiandika sentensi ileile: "Ufunguo ufuatiliwe." Alhamisi hiyo ufunguo ukaja, kwa matatu, ndani ya bahasha. Mwenyekiti alilifungua sanduku mbele ya kikao kizima. Mlikuwa na kiota cha nyigu kilichokauka, karatasi ya peremende, risiti ya mandazi, na barua moja iliyokunjwa mara nne. Akaisoma kwa sauti.

"Tafadhali chai iwe moto."

Haikuwa na jina. Watu wakaanza kuangaliana miandiko. Mkuu wa tawi la Kitale akainua mkono, akatukumbusha kwamba katika ubora hatutafuti mtu, tunatafuta chanzo, na kwamba njia ipo: uliza "kwa nini" mara tano. Taiichi Ohno wa Toyota ndiye aliyeieneza. Mtambo umesimama, kwa nini? Fyuzi imeungua. Kwa nini? Na uendelee hivyo, kwa sababu ukibadilisha fyuzi tu, kesho itaungua nyingine.

Wazo zuri. Na kwa mara ya kwanza tangu niwe katibu, mtu akasema mama chai aitwe aketi.

Aliketi ukingoni mwa kiti, kanga kiunoni, macho kwenye birika lake.

"Mama, kwa nini chai hufika baridi?"

"Ni mbali, Mwenyekiti. Jikoni ni kule nyuma ya jenereta. Na mvua ya saa nane mnaijua. Nafunika birika kwa gazeti."

"Kwa nini jikoni ni mbali?"

"Si mlinihamisha? Zamani nilikuwa hapa," akaugonga ukuta ulio nyuma yake kwa kiko cha mkono. "Mlango wa pili tu."

"Kwa nini tulikuhamisha?"

"Mlisema chumba kiwe stoo ya mafaili."

Mwenyekiti akaandika "stoo" kwenye mfupa wa mazingira, akasimama kidogo kuusahihisha mkia wa samaki. "Kwa nini mafaili yalihitaji stoo?"

Mama chai akatutazama mmoja mmoja, kama mtu anayeulizwa jina la mtoto wake. "Ni yenu, mwanangu. Ni ya hiki kikao."

Kimya. Nje boda ilipita ikipiga honi. Nikahesabu kichwani: kila mwezi kikao kimoja, kila kikao kurasa kumi na mbili, kila ukurasa mara tatu, na michoro ya samaki, ambayo hutunzwa yote, pamoja na ile iliyokosewa jicho. Tulikuwa tumelifukuza jiko kwa kujadili ubora. Nilijikuta natabasamu, jambo ambalo katibu haruhusiwi.

Lakini swali la tano lilikuwa limebaki, na Mwenyekiti haachi swali. Akaligeuza kidogo. "Na kwa nini miaka yote hii hatukuambiwa kwamba chai ni baridi?"

"Lakini mnaandika wenyewe," akasema mama chai. Akatoa kwenye mfuko wa aproni lile daftari. Ni daftari la kupokea chai, lina safu nne: tarehe, saa, hali ya chai, sahihi. Kwenye hali ya chai kuna visanduku viwili, moto na baridi. Mwenyekiti akafungua ukurasa. Moto. Akafungua mwingine. Moto. Moto, moto, moto, hadi ukurasa wa kwanza, na kila mstari una sahihi yenye mkia mrefu ambayo hakuna mtu wa Bungoma wala Kitale asiyeijua, kwa sababu iko chini ya kumbukumbu zote.

Macho kumi na manane yakanigeukia. Hatutafuti mtu, tunatafuta chanzo. Nilingoja mkuu wa Kitale aliseme tena, akawa anapekua simu.

Ningejitetea vipi? Ukitia alama kwenye baridi, sharti ujaze fomu ya kasoro. Fomu ya kasoro ina kurasa nne: maelezo ya kasoro, chanzo cha kasoro, hatua zilizochukuliwa, na uthibitisho kwamba kasoro haitarudi, na sahihi za wakuu wawili, mmoja wao akiwa Kitale. Kwa chai! Mtu mwenye akili hunywa tu, akameza na ule utando wa maziwa ulioganda juu, akatia alama kwenye moto, maisha yakaendelea. Kwenye ripoti ya mkaguzi mwaka jana, chai ndiyo ilikuwa huduma yetu iliyopata asilimia mia.

Mama chai alikuwa amekwisha kumimina. Akanisogezea kikombe, kisha daftari, kisha kalamu, kwa mpangilio uleule wa kila mwezi. Nikaonja. Wote wakanitazama koo. Ilikuwa afadhali kidogo kuliko siku zote, labda kwa sababu birika lilikaa ndani wakati wa mahojiano badala ya kungojea kibarazani. Moto, ningekuwa nimesema uongo mbele ya mashahidi. Baridi, kurasa nne. Nikashusha pumzi, nikaandika pembeni ya visanduku, kwa mkono wangu: vuguvugu.

Mwenyekiti akalivuta daftari, akavaa miwani, akasoma. Akasema neno hilo halimo kwenye fomu. Kwa hiyo fomu irekebishwe, litoke toleo jipya, na hiyo iwe ajenda ya kwanza ya mwezi ujao. Katibu atayarishe rasimu.

"Nakala tatu?" nikauliza.

"Nne," akasema. "Moja ya mama chai."