Koti Lililopakwa Sifa

Mke wangu anafundisha shule ya msingi hapa Palma, na walimu wa Msumbiji huvaa bata, lile joho jeupe la darasani, juu ya nguo zao. Weupe ni heshima mpaka inyeshe. Bata ikishalowa haifichi kitu, na shule hufunguliwa mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, katikati kabisa ya mvua. Huku hatuna vuli na masika kama wenzetu wa Dar es Salaam na Mombasa. Tuna msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, unaokuja na kaskazi na kumwaga vyote kwa mkupuo.

Kwa hiyo alipotangaza kwamba safari hii anataka koti la mvua, hakuna aliyembishia nyumbani isipokuwa mama yake.

"Mwavuli upo," alisema mama mkwe bila kuinua macho kwenye ungo. "Kapulana ipo. Mimi nimewalea nyote kwa kapulana kichwani, nani alikufa kwa kulowa?"

Mke wangu akaeleza kwamba mwavuli unataka mkono, na mikono yake miwili ina madaftari na mtoto. Tena upepo wa ghuba yetu huugeuza mwavuli ukatazama mbinguni. Kisha akataja masharti. Lisiwe lile la plastiki ya kuonyesha, linalochanika kwapani kabla hujafika sokoni. Lisiwe la rangi ya chungwa lenye mistari ya kung'aa, kama ya vibarua wa mradi wa gesi wa Afungi, ambayo siku hizi huvaliwa hata na vijana ambao Afungi wanaijua kwa kuisikia tu. Liwe na kiuno. Lishuke chini ya nyonga. Kofia yake ikae juu ya ushungi bila kuuponda. Rangi yake isigombane na kapulana, kitenge chetu cha huku, na aweze kulivaa shuleni, sokoni, kwenye hitima na kwenye harusi bila mtu kuuliza mvua iko wapi.

"Hilo si koti," alisema mama mkwe. "Huyo ni mume wa pili."

Nilikuwa nimekaa palepale. Hakuna aliyeniuliza neno.

Niseme haki ya mke wangu: koti alikuwa nalo zamani, na lilikuwa zuri. Lilibaki ndani ya nyumba tarehe 24 Machi 2021, mji wetu uliposhambuliwa na watu wakakimbilia ufukweni, msituni na kwenye mashua. Tuliporudi, kabati lilikuwa limebaki mlango tu. Vitu vikubwa tulivinunua tena kwanza, magodoro na masufuria. Koti lilisubiri zamu yake, na mwenye koti alichoka kusubiri.

Basi akaenda mnadani kwenye mitumba, ambayo kwetu Msumbiji huitwa kalamidade. Aliwahi robota likikatwa kamba, akaibuka na koti la kijani kibichi, zipu ya shaba, mifuko yenye vifuniko, mshono wa Ulaya. Alilivaa ndani ya nyumba siku nzima na jua likiwaka. Hata mama mkwe alilipitisha vidole, na kwa mama mkwe hiyo ni hotuba.

Mvua ya kwanza ilimkuta njiani akienda shule. Alifika, akalivua, akasimama mbele ya darasa la tatu. Watoto wakanyamaza, jambo ambalo si la kawaida. Bata yake nyeupe ilikuwa imejaa magamba meusi kuanzia mabegani hadi kiunoni, yananata, na kila alipoyapangusa yaliacha michirizi.

Ugonjwa huo una jina. Makoti mengi ya mvua ya bei ya kati hupakwa kwa ndani utando mwembamba wa poliyurethani, na utando huo ndio unaozuia maji, si kitambaa chenyewe. Poliyurethani huchakaa hata kama koti halivaliwi. Unyevunyevu wa hewani na joto huikata polepole mpaka inanata, kisha inabanduka. Koti lililokunjwa miaka kabatini, likafungwa kwenye robota, likakaa kontena baharini na ghala bandarini, hufika kwetu likiwa zima nje na limekwisha ndani. Mama mkwe alilieleza kwa maneno machache zaidi: "Hata nyoka gamba lake hulivulia nje."

Shemeji yangu wa Mtwara akasikia. Huyu ni kaka mtu, hapendi dada yake achekwe, na zaidi hapendi mama yake awe mwenye kucheka. Akatuma koti jipya kabisa, la buluu nzito, likaja kwa gari hadi Kilambo, likavuka Ruvuma, likatufikia likiwa ndani ya mifuko mitatu kana kwamba lenyewe ndilo linaloogopa maji. Lilikuwa na lebo yenye namba 10,000. Namba hiyo ni milimita: kitambaa kilipopimwa kilihimili uzito wa safu ya maji ya mita 10 kabla ya kupenyeza. Kwa mvua ya kwenda shule ni ulinzi wa kutosha na wa ziada.

Na lebo ilisema pia kwamba koti linapumua. Hapo ndipo vita vya pili vilipoanzia.

Kuzuia maji peke yake si kazi ngumu, na imeshafanywa zamani. Mwaka 1823 Charles Macintosh, Mskoti wa Glasgow, aliweka mpira ulioyeyushwa kati ya vitambaa viwili, na Waingereza mpaka leo huliita koti la mvua kwa jina lake. Baadaye karne hiyo ulimwengu ulipopata njaa ya mpira, pwani hii nayo ilipeleka wake: utomvu wa mbungo, mti ule ule wa kutambaa tunaokunywa maji ya matunda yake kwa sukari na barafu. Huenda babu zetu walikamua makoti ya watu wa London bila kujua. Lakini koti la mpira lilimpika mwenye kulivaa kwa jasho lake mwenyewe. Mwaka 1969 Bob Gore wa Marekani alivuta kwa nguvu plastiki iitwayo PTFE, akapata utando wenye vitundu vidogo mno: tone la maji halipiti, mvuke wa jasho unapita. Ndiyo Gore-Tex, na wengi wamefuata njia hiyo kwa namna zao.

Yote hayo ni kweli, isipokuwa mtu anaposahau kuuliza mvuke unakwenda wapi. Mvuke hutoka penye wingi kwenda penye uchache. Ulaya, nje ni baridi na pakavu kuliko ndani ya koti, kwa hiyo jasho lina mahali pa kukimbilia. Palma mwezi wa pili, mvua ikinyesha, nje ni joto na hewa imeshiba maji. Jasho likifika mlangoni linakuta nje kumejaa. Mke wangu alifika shule hajaguswa na tone hata moja la mvua, na bata imemgandama mwilini.

"Umelowa," nilimwambia aliporudi.

"Sijalowa. Hili ni langu mwenyewe."

Akaamua koti lifuliwe labda litalegea. Mama mkwe akalifua. Alilifua kama anavyofua kila kitu, kwa sabuni ya unga na kile kimiminika cha kulainisha chenye harufu ya maua, akalisugua, akalikamua kwa mikono ya mtu aliyekamua nazi miaka yote, akalianika juani. Likarudi linanukia vizuri na limepoteza kitu. Juu ya makoti haya huwa kuna dawa inayofanya matone yaviringike na kuanguka, na kimiminika cha kulainishia huifunika au kuiondoa. Mvua iliyofuata haikuviringika. Ilikaa juu ya kitambaa, ikakilowesha, koti likawa zito na baridi kama ngozi ya pweza.

Nilifanya kosa la kusema neno "kufua" mezani. Mama mkwe alisikia lawama ambayo sikuikusudia, akanyamaza mpaka usiku. Lazima mjue kwamba huyu ni binti wa nahodha, amekulia chini ya mashua zilizopandishwa mchangani, na kuhusu maji kupenya mahali yasipotakiwa hakubali kufundishwa na lebo. Jahazi haliachwi mbao tupu. Chini hupakwa shahamu, mafuta ya wanyama yaliyochanganywa na chokaa, na ubavu hupakwa sifa, yale mafuta ya ini la papa. Vyombo vimekwenda Zanzibar na Comoro vikiwa vimepakwa sifa. Sasa koti ni nini mbele ya jahazi?

Aliteremka pwani kwa mafundi wa mashua, akarudi na chupa. Tulipolala, akakaa na konzi ya makumbi na kibatari, akalipaka koti zima, mishono mara mbili, akalitundika barazani.

Asubuhi ilikuwa inanyesha na mke wangu alikuwa na mafua. Hayo mafua ndiyo chanzo cha yote. Alivaa, akafunga zipu, akatoka. Mimi nilisikia harufu, nikadhani bahari imekaribia.

Yaliyotokea shuleni nimeyasikia kwa watu wengi, na kila mmoja anaongeza la kwake, hivyo nachukua yale wanayokubaliana. Paka walimfuata. Alilitundika koti nyuma ya mlango wa darasa, na kadiri chumba kilivyopata joto watoto walihama dawati baada ya dawati kuelekea madirishani. Mwalimu mkuu alipita akauliza kwa adabu ni nani aliyekuja na samaki. Na bata, kuanzia kola hadi mikono, ilikuwa na rangi ya samli.

Alirudi mchana akiwa amelishika koti kwa vidole viwili. Nilijiandaa kwa kishindo. Mama mkwe alikuwa kwenye ungo wake, akauliza swali moja tu.

"Lilivuja?"

Mke wangu akasimama. Nikamwona anatafuta jibu jingine na kulikosa.

"Halikuvuja, mama."

"Basi."

Na kwa kweli wazo lake halikuwa baya. Mabaharia wa Ulaya walivaa kwa vizazi vitambaa vilivyopakwa mafuta ya kitani, ambayo hukauka yakawa ngozi. Sifa haikauki vizuri juu ya nguo; inakaa inanata na kuchacha. Tulijaribu ndimu, majivu, sabuni ya mche. Koti likahamia kwenye mwembe, na sasa ni la shemeji mdogo anayekwenda kuvua, ambaye analisifia kila mahali.

Lililomaliza mambo ni cherehani. Fundi wetu wa sokoni alisikiliza kisa chote bila kucheka, jambo lililompatia kazi hapo hapo. Akasema maji huingia njia ya sindano, kwa hiyo begani hataweka mshono. Alichukua nailoni nyepesi ya mahema, akaikunja kipande kimoja, akakata shingo, akaishona kama kaftani: mikono mipana, ubavu wazi kuanzia kwapani hadi nyongani na kipande cha mbele kikipita juu ya cha nyuma, mkanda wa kiuno, kofia kubwa yenye ukingo wa kapulana nyekundu. Mishono yote iko chini, ambako maji hayatuami. Upepo unaingia ubavuni na kutokea shingoni. Vifundo vya mikono hulowa kidogo. Kwa kimbunga halifai, lakini kwa kimbunga hakuna koti: Kenneth ilipoingia nchi kavu kusini yetu tarehe 25 Aprili 2019, kwa upepo wa kilomita zipatazo 220 kwa saa, iliezua mapaa ya Ibo na Macomia, sembuse kofia. Kwa kwenda shule linatosha, na walimu wenzake wameshampelekea fundi oda zao.

Ukienda kununua kabla ya Desemba, la mtumba ligeuze ndani, ulifinye kwa kidole na ukucha. Likinata au kutoa unga, liache hata likiwa zuri vipi. La dukani usiulize linazuia maji kiasi gani, maana karibu yote yanazuia. Uliza joto linatokea wapi, na muuzaji asipoweza kukuonyesha tundu lenyewe kwa kidole, mrudishie koti lake.