Mlima Uliopungua Ndani ya Simu

Rangi za maji ni unga laini wa rangi ulioshikanishwa kwa gundi ya mgunga, na Sudan ndiyo inayotoa gundi hiyo kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote. Kwa hesabu ya ramani, mchoraji wa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, yuko karibu na chanzo kuliko mwenzake wa London. Hata hivyo, kiboksi chenyewe humfikia baada ya kuzunguka Ulaya au China, kushuka Kampala, kisha kulala njiani ndani ya basi la Arua.

Karatasi inayofaa huwa na uzito wa gramu 300 hivi kwa mita ya mraba. Inayopatikana kirahisi madukani ni manila, ambayo ni ya chati za darasani. Manila ikilowa huvimba na kujikunja, ikatengeneza mabonde ambayo hayamo kwenye picha. Karatasi nzuri lakini nyembamba huponywa kwa kuilowesha, kuibandika kingo zote kwenye kipande cha plaiwudi kwa utepe wa gundi, na kuiacha ikauke ikijivuta. Ubao huo hauna budi kufichwa. Ukiachwa jikoni mchana mmoja tu, mwenyewe hurudi akakuta umekatiwa bamia.

Kazi yenyewe huanzia kwenye kuchagua picha ya simu ya kunakili, na hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea. Milima miwili inayopendwa ni Wati, ulioko Terego, na Liru, ulioko Koboko. Mapokeo ya Walugbara huihusisha na mashujaa wao wawili, Jaki kwa Liru na Dribidu kwa Wati, kwa hiyo ukubwa wake si jambo la mzaha. Mtu aliyesimama barabarani huuona mlima mkubwa kwa sababu anautazama huo tu. Lenzi ya simu haina adabu hiyo. Hukusanya barabara, nguzo za umeme, bodaboda na nusu ya mbingu, na mlima hubaki mdogo kama kichuguu. Mwanafunzi mwaminifu hukichora kichuguu hicho kwa bidii, kisha wazee humuuliza kiko shambani kwa nani. Samuel Baker, mpelelezi Mwingereza aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864 na kurudi kwao na michoro ya rangi za maji, hakuwa na simu. Milima yake haikupungua, na pengine iliongezeka. Dawa ni kuukuza mlima kwa makusudi na kuziacha nguzo za umeme kwa wenye nguzo.

Saa nayo ina neno. Arua iko nyuzi 3 hivi kaskazini mwa ikweta, na mwishoni mwa Machi na katikati ya Septemba jua la adhuhuri hupita utosini. Picha ya wakati huo huuonyesha mwembe umekalia doa jeusi, huku anga limeungua na kuwa jeupe. Katika rangi za maji, weupe ni karatasi yenyewe isiyoguswa. Anayenakili anga hilo huacha nusu ya karatasi tupu, na wageni humuuliza kwa upole atamaliza lini. Picha ya saa moja asubuhi ina vivuli virefu na vilima vyenye umbo. Isipitishwe kwenye programu za kutumiana ujumbe, kwa sababu huko hubanwa na miti ya mbali ikawa vimraba. Wapo waliovichora vimraba hivyo, kimoja kimoja.

Uchoraji huenda kutoka rangi nyepesi kwenda nzito: anga kwanza, kisha vilima vya mbali kwa samawati iliyofifia, mwisho vitu vya karibu. Rangi ikikauka hupauka, hivyo inayoonekana imezidi ikiwa mbichi huenda ikawa sawasawa. Kijani cha kiboksini ni kijani cha beseni la plastiki; huhitaji kutulizwa kwa wekundu kidogo kabla ya kufanana na majani ya Mei. Barabara ya murram haina shida, kwa kuwa sienna ya kuchomwa ni udongo mwekundu hasa. Kiangazi, kuanzia Desemba, brashi hukauka kabla mkono haujaamua, na vumbi la barabara hiyo hiyo hutua juu ya anga bichi na kugoma kutoka. Mchoraji hulilaani, ingawa anga la Januari lina rangi ile ile.

Kinachobaki ni mpangilio. Vitabu vya fani hii humruhusu mchoraji kuhamisha mti ili mchoro ukae vizuri. Walioandika ruhusa hiyo hawakuishi Koboko. Huko Salia Musala, mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana. Mwembe ukisogezwa sentimita mbili unaweza kuhama nchi pamoja na maembe yake. Mtazamaji mwenye shangazi ng'ambo hii na shamba ng'ambo ile huligundua jambo hilo kabla hajasifu rangi. Kuusogeza upande wa pili kunaweza kuupeleka uani kwa jirani, na kesi ya mwembe na jirani ni ndefu kuliko ya serikali tatu. Wachoraji wazoefu huuacha mti ulipo, wakahamisha mawingu.