Tunda Halijui Kwamba Limesagwa

Jiji la Kigali lina ugonjwa wake wa jikoni, na dalili zake huanzia soko la Kimironko. Mtu huingia kutafuta vitunguu, akatoka na papai, nanasi, kilo mbili za ibinyomoro (Wakenya huyaita matunda ya damu), marakuja za kujaza kapu na ndizi mbivu alizoongezewa bure kwa sababu muuzaji naye anataka kwenda nyumbani. Siku ya tatu matunda yote yanaiva kwa pamoja, kana kwamba yalifanya mkutano. Ndipo panapotolewa uamuzi unaoonekana wa busara kabisa: tuyasage, tupate rojo, tuliweke, tutalitumia kidogo kidogo. Yanayofuata yanajulikana katika nyumba nyingi, na lawama hugawiwa haraka: blenda ni mbovu, umeme ulikatika, msichana wa kazi hakufunika vizuri. Wote hao nawatetea. Mkosaji ni ile imani kwamba tunda likishasagwa limekwisha kazi. Ukweli ni kwamba ndipo linapoanza.

Tunda zima ni nyumba yenye vyumba, na kila mpangaji amefungiwa chake. Kisu cha blenda hubomoa kuta zote kwa nusu dakika, na wapangaji wanakutana. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunjavunja protini. Lichanganye na mtindi, uliache kwenye friji hadi asubuhi, na utakuta kitu kichungu chenye maji juu ambacho familia nzima itakisifu bila kukimaliza. Papai lina ndugu wa kimeng'enya hicho, na maziwa hayapendi ugeni wake pia. Dawa ni kulichemsha rojo kwanza, kwa kuwa moto hukiua, lakini nani huchemsha nanasi akiwa na haraka? Ndizi na parachichi zikikutana na hewa hugeuka rangi ya udongo. Tone la limau husaidia kwa muda, halafu udongo hurudi. Mbegu za marakuja zikisagwa hutoa vumbi jeusi lenye ukakasi, kumbe zilihitaji chujio tu na mgongo wa kijiko. Ganda la ibinyomoro nalo ni chungu, na linatoka kwa urahisi ukiyamwagia maji ya moto, ila blenda haiulizi maganda.

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko kwenye ndizi. Kwa vizazi vingi Wanyarwanda wamekamua ndizi za urwagwa, yaani pombe ya ndizi, kwa mikono na nyasi: wanazikanda pamoja mpaka maji yanajitenga, nyasi zinabaki na makapi, na kinachochirizika ni juisi nyepesi inayopita kwenye chujio bila ubishi. Weka ndizi hizohizo kwenye mashine ya kisasa na utapata uji mzito usiochujika hata ukiukamulia kwenye kitambaa kwa hasira. Injini yenye nguvu ya kuamsha jirani imeshindwa na nyasi za kando ya shamba. Na waliogundua hilo walijua vizuri kitakachofuata, maana huongeza unga wa mtama uliokaangwa, wanafunika, wanasubiri pombe. Rojo la kwenye chupa iliyokazwa kifuniko na kusahauliwa juu ya kabati hupita njia ileile bila kualikwa: chachu ipo, sukari ipo, gesi inajaa. Hivyo ndivyo familia yenye msimamo mkali dhidi ya pombe, pale mtaa wa Nyamirambo, inavyoweza kumiliki kiwanda kidogo bila leseni, na kugundua siku kifuniko kinapogonga dari.

Wapo watakaosema: basi ligandishe. Sawa, lakini maji yakiganda huongezeka kwa takriban asilimia tisa, na chupa ya kioo iliyojazwa hadi mdomoni haina pa kuongezeka. Maelekezo ya upishi kutoka ng'ambo hutatua hilo kwa mifuko ya plastiki, ambayo Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008. Kinachobaki ni kile kisahani cha kugandishia barafu, na hicho hakika kinafaa. Wengine watasema: lichemshe, ulifunge kwenye chupa. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapa kwenye nyuzi 95 hivi. Dakika zilizoandikwa kwa ajili ya mpishi wa pwani hazitoshi. Marakuja ina ukali wa kujilinda. Papai na ndizi hazina, zinahitaji limau. Mwenye hoja ya kiwanda ataniuliza mbona mfanyabiashara Sina Gérard kule Nyirangarama anauza juisi ya Agashya na chupa hazilipuki. Jibu ni kwamba kiwanda hulichukulia tunda kama kitu hai na hatari: huchuja, hupasha moto, hupima. Sisi tunaliwekea kifuniko na matumaini.

Hoja moja tu siwezi kuipinga, ya mama mwenye mtoto wa miezi sita, kwa maana mtoto huyo anahitaji kuanza chakula laini na haoni haja ya mashine. Ndizi mbivu na uma vinatosha, asali isubiri hadi atimize mwaka. Mteja huyu ana sifa zote: hula palepale, haachi kiporo cha kuchacha, na asichokitaka hukirudisha mwenyewe, mara nyingi kwenye shati la aliyemlisha.