Dakika Tano za Bosi

Jana asubuhi maziwa yangu yalihudhuria kikao cha wakaguzi wa hesabu. Mimi nilialikwa. Yenyewe yalijileta, na wajumbe wote wakayaona kabla sijafika katikati ya maelezo.

Kikao kilikuwa cha mtandaoni na kilitangazwa kuwa cha dakika tano. Bosi alikuwa amepiga simu usiku, akatoa hongera, akamuulizia mtoto, akasema Mungu ni mwema, kisha akashusha ile pumzi ambayo mwajiriwa yeyote anajua kinachofuata. "Sasa mama, hawa jamaa wana kaswali kamoja tu ka masurufu. Dakika tano. Hata kamera usiwashe." Basi chini nikajifunga khanga, juu nikavaa blauzi ya hariri ya buluu, ile ya vikao. Mtoto alikuwa ameshiba, amelala chumba cha pili kwa mama mkwe, mlango umerudishiwa. Mkaguzi mkuu akafungua kikao kwa kuomba tuwashe kamera, tuonane sura, ndio uungwana.

Nikaanza kueleza masurufu ya safari ya Dodoma: nani alichukua, nani amerejesha, nani amehama na hajarejesha. Hapo ndipo mtoto akalia. Hakuwa wangu. Alikuwa wa mkaguzi mmoja kijana, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwake. Ni kile kilio cha kichanga, kifupi kifupi, cha kukata pumzi, na kifua changu hakikuuliza ni cha nani. Nikasikia visindano vikishuka kutoka kwapani, pande zote mbili kwa pamoja. Kwenye skrini nikajiona: madoa mawili ya mviringo juu ya hariri, yakaanza na ukubwa wa sarafu ya mia, yakaelekea kwenye sahani ya chai, na mimi bado natamka "Dodoma". Yule kijana, kwa moyo mzuri kabisa, akasema, "Dada, naona kama umemwagikiwa na maji." Bosi akakohoa. Mkaguzi mkuu, mtu mzima, ukimtazama tu unajua ana wajukuu, akavaa miwani akaanza kusoma leja kwa bidii ambayo sijapata kuiona kwa mkaguzi. Nikanyoosha mkono nizime kamera, na mtandao ukachagua sekunde hiyo hiyo kuganda. Sauti ziliendelea. Picha yangu ikabaki vilevile, kichwa kimeinama, macho kifuani, mdomo wazi, mpaka masurufu yakaisha na ikaingia ajenda ya Mengineyo.

Ila mashine yenyewe ni ya ajabu, lazima niseme. Maziwa yana homoni mbili: prolaktini inatengeneza, oksitosini inasukuma. Ndani ya titi kuna vifuko vidogo mno vya maziwa, na kila kifuko kimezungukwa na visuli vyembamba. Mtoto akinyonya, habari inapanda ubongoni, tezi moja ndogo iliyoning'inia chini ya ubongo inamwaga oksitosini kwenye damu, na ikifika kwenye vile visuli vinakaza, maziwa yanakamuliwa kwa ndani. Ni oksitosini hiyo hiyo inayokaza mfuko wa uzazi wakati wa uchungu, na ndiyo ile sindano ya pajani tunayodungwa mtoto akishatoka ili damu isimwagike kupita kiasi. Ndiyo maana siku za mwanzo ukinyonyesha tumbo linakukata. Kinachonimaliza mimi ni kwamba tezi hiyo haingoji kunyonywa. Sauti inatosha. Harufu ya nguo ya mtoto inatosha. Kumuwaza tu kunatosha, hata uwe umesimama foleni ya benki. Na kwa masikio yake, mtoto wa mwenzio ni wako.

Halafu ukiitaka yenyewe, inagoma. Ukiwa na hofu au hasira oksitosini haishuki: titi limejaa, limekaza, pampu inavuta, unapata tone. Wakunga hushauri ukamue huku unatazama picha ya mtoto. Mimi nimejaribu kukamua huku natazama barua pepe za ofisini, na ninaweza kuthibitisha ukame. Mbaya zaidi, titi lisilotolewa maziwa hupunguza kutengeneza, na linalotolewa sana huongeza. Ni leja pekee ninayoijua ambayo ukitoa zaidi, salio linapanda.

Mengine ni madogo. Juzi tarishi aliniletea bahasha ya risiti za mafuta ya gari nizihakiki, mtoto akazicheulia, na risiti za EFD hufutika hata kwa jasho. Wiki iliyopita mama mkwe aliingia na beseni la maji ya moto ya kunikanda, akasema, "Vua, mzazi, maji yanapoa," wakati ambapo kipaza sauti kilikuwa wazi.

Hapa sasa sicheki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mzazi siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo, na inakataza asifanye kazi ndani ya wiki 6 za kwanza isipokuwa daktari amethibitisha kwamba anaweza. Arubaini yangu haijaisha. Lakini mwaka 2004 kazi ilikuwa na mahali pake. Ukiwa haupo ofisini, haupo. WhatsApp ilikuja 2009, na siku hizi ofisi inalala nami kitandani, upande wa pili wa mtoto. Namba za uthibitisho za benki zinaingia kwenye simu yangu, basi saa tano usiku nazisoma kwa kunong'ona ili mishahara ya watu itoke. Wala hakuna aliyeniita kazini. Nimeombwa tu, kwa "mama" na "Mungu akubariki", na dakika tano za kuombwa hazina fomu, hazihesabiwi, wala hazirudishwi mwisho wa likizo.

Nikirudi, sheria hiyo hiyo inaniruhusu hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Ofisi iko Posta, mtoto yuko Goba. Kwa foleni ya Dar, hizo saa 2 hazitoshi hata kwenda na kurudi, seuze kunyonyesha. Kukamulia ofisini ni chooni, au stoo ya mafaili na mlinzi akigonga. Seva zetu zina chumba chao, kina kiyoyozi usiku na mchana, na huingii na viatu.

Leo asubuhi bosi alipiga tena. Simu ikapokewa na mama mkwe. Upande wa pili sikuusikia, upande huu nilisikia salamu ndefu, za mpaka nyumba ya tatu, kisha: "Mwanangu, mkeo alipojifungua nani alimkanda?" Kisha, "Enhe." Kisha, "Basi njoo umshike huyu mtoto hizo dakika tano, mama yake aje afanye hiyo kazi."

Jioni mwenzangu wa idara ya fedha akaniandikia kwamba mishahara imetoka. Kumbe namba ya simu ya uthibitisho hubadilishwa benki kwa barua moja ya mwajiri. Wameiandika mchana. Ina mistari mitatu.